Mrithi aliye ng'ambo na nyumba ya Mji wa Kale

MOMBASA – Nyumba kadhaa za Mji wa Kale wenyewe hawako. Wako Maskati, Dubai au Uingereza, na funguo wameachiwa jamaa au mpangaji. Mzee anapofariki na Mahakama ya Kadhi ikagawa mirathi, huzuka swali ambalo familia haikulifikiria: mrithi ni raia wa nchi gani?

Jibu lina uzito tangu Agosti 27, 2010, Katiba ya sasa ya Kenya ilipoanza kutumika. Kifungu cha 65 chasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Hata waraka ukiandikwa kwamba anapewa miliki ya kudumu, sheria itausoma kuwa ni wa miaka 99, basi.

Wageni waliokuwa na miliki ya kudumu siku hiyo hawakufukuzwa. Ardhi yao ilirejea kwa Jamhuri, nao wakastahili kukodishwa kwa miaka 99 kwa malipo ya jina tu. Waliokuwa na miaka 999 walipunguziwa pia. Pwani iliguswa kwa namna yake, kwa kuwa sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilikuwa imewathibitishia wenyeji wengi wa ukanda huu miliki ya kudumu. Hati kuukuu iliyo sandukuni huenda ingali yasema hivyo, ilhali mwenyewe alikwisha kuchukua uraia wa kwingine.

Wapo wanaodhani kampuni ni njia ya mkato. Siyo. Kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Hisa moja ya mgeni yatosha kuiondolea sifa hiyo. Amana nayo vivyo hivyo: wanufaika wote sharti wawe raia. Ama kuandikisha nyumba kwa jina la rafiki, hilo ni kujitia kitanzi, kwani mwenye jina katika hati anaweza kuiuza.

Kwa mzaliwa wa Mombasa ipo njia iliyo halali kabisa. Katiba hiyo hiyo iliruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi mbili, na aliyeupoteza kwa kuchukua wa nchi nyingine aweza kuomba arejeshewe. Aliye Uingereza hana kikwazo. Aliye Oman anacho: nchi hiyo hairuhusu uraia wa pili bila idhini ya Sultani. Huyo hana budi kupima kipi kizito kwake, pasipoti ya Oman au miliki ya kudumu ya nyumba ya babu. Mgeni aliyeoa au kuolewa na Mkenya aweza kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa.

Mnunuzi asiye na nasaba hapa hubaki na miaka yake 99, ambayo kwa umri wa binadamu si haba. Yampasa kulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, ardhi ya safu ya kwanza na ya pili kutoka ukingo wa bahari huhitaji kwanza idhini ya maandishi ya Waziri wa Ardhi, jambo ambalo anayetamani nyumba inayotazama maji sharti amuulize wakili wake mapema.

Kabla ya hayo yote, ajue anauziwa nini. Mombasa ina desturi ya nyumba bila ardhi: mmoja ana kuta na paa, mwingine ana kiwanja na hulipwa kodi yake. Viwanja vingine ni wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi kama mali ya mtu binafsi. Upekuzi katika sajili ya ardhi huonyesha mwenye kiwanja; mwenye kuta huenda akajulikana kwa kuuliza majirani. Na kwa kuwa mji huo unahifadhiwa kisheria, mwenye kupata nyumba hawezi kubomoa roshani au kubadilisha mlango wa nakshi kabla ya kupata kibali.