Kutoka TVT hadi TBC1: Neno "Taifa" Limehamia Wapi?

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki vitabu. Ukituambia tuchambue jina la riwaya tunajaza kurasa tatu bila kupumua. Lakini ukituambia tuchambue yale maandishi madogo yanayokaa pembeni mwa kioo cha televisheni mchana na usiku, tunacheka, eti hiyo si fasihi. Makala haya yanayasoma maandishi hayo kama matini nyingine yoyote. Nitaanzia kwetu Newala, kwa sababu huko ndiko nilikoyaona mara ya kwanza.

Ilikuwa kwenye banda la video. Jenereta inanguruma nje, ungo umeelekezwa mbinguni, na sisi watoto tumebanana mkekani. Malipo ya korosho yakitoka, banda linafurika. Yasipotoka, mwenye banda anakaa peke yake na mkanda wake. Pembeni mwa kioo palikuwa na herufi tatu: TVT. Maana yake hatukuijua. Tulichojua ni kwamba zikionekana, wakubwa wanataka kimya, maana ni taarifa ya habari; zikiondoka, tunarudi kwenye sinema.

Historia yenyewe ni fupi. Zanzibar walitutangulia, wakawa na televisheni yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku Bara vituo vya watu binafsi, ITV kikiwamo, vilianza mwaka 1994. Serikali ilikuja nyuma yao: Televisheni ya Taifa ilizinduliwa rasmi mwaka 2000, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, mtu wa Lupaso, Masasi, jirani zetu kabisa, ambaye kabla ya siasa alikuwa mhariri wa magazeti.

Sasa litazame jina. TVT ni Televisheni ya Taifa, na ile T ya mwisho ndiyo iliyobeba dhamira. Kituo hakikujitambulisha kwa mmiliki wake wala kwa mji wake. Kilijitambulisha kwa hadhira yake. Hata baada ya televisheni hiyo na Redio Tanzania Dar es Salaam kuwekwa chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, yaani TUT, jina la TVT liliendelea.

Mwaka 2007 ndipo lilipoundwa Shirika la Utangazaji Tanzania, na TVT ikageuka TBC1. Hapo msomaji makini lazima asimame. Jina kamili ni la Kiswahili, lakini herufi zilizopanda kiooni ni za Kiingereza: Tanzania Broadcasting Corporation. Na ile C! Darasa la kwanza tulifundishwa a, be, che. Katika tahajia yetu sanifu C haisimami peke yake, lazima ishikwe mkono na H. Kumbe herufi isiyoweza kuandika neno hata moja la Kiswahili sanifu bila mwenzake ndiyo inayofunga jina la shirika la umma. (Wapo watakaouliza kwa nini hawakufupisha kwa Kiswahili. Jaribu mwenyewe kwa mtindo wa BAKITA: Shirika la Utangazaji Tanzania litakupa SUTA, na nani anataka kituo cha kusuta watu?)

Ni rahisi kumtupia lawama Tido Mhando, mkurugenzi mkuu wa wakati huo, kwa kuwa alitokea Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Historia inakataa urahisi huo. Herufi TBC zilikuwapo tangu mwaka 1956, zikiwa za Tanganyika Broadcasting Corporation, hadi mwaka 1965 ilipoundwa Redio Tanzania. Zilirudi tu. Kenya ni hivyo hivyo: walikuwa na KBC mwaka 1961, mwaka 1964 wakaiita Sauti ya Kenya, mwaka 1989 wakarudi kwenye KBC. Uganda wakapata UBC mwaka 2005, na Zanzibar nao wakaiacha TVZ wakachukua ZBC. Wote wanaimba wimbo wa London wa mwaka 1927, ile C ya BBC ilipogeuka kutoka Company ikawa Corporation. Tuliyaacha majina hayo tulipotaka redio iwe mkono wa serikali. Tukayarudia tulipotaka ionekane shirika linalojitegemea. Kama kweli linajitegemea ni mjadala mwingine, ila jina linadai hivyo.

Na "Taifa" je? Lilihamia redioni. Redio Tanzania sasa ni TBC Taifa, na televisheni ikapewa tarakimu, 1. Mwanzoni niliona huu ni wizi: kioo, chenye heshima ya usasa, kimenyang'anywa hadhira yake kikapewa namba kama basi. Mwenzangu mmoja wa bwenini akanipinga vikali. Alinikumbusha kwamba Redio Tanzania ilikuwa na Idhaa ya Taifa na Idhaa ya Biashara zamani sana kabla ya televisheni, kwa hiyo neno halikuibwa, limerudi nyumbani. Nakubali nusu. Redio ndiyo iliyofika kwetu juu ya uwanda wa Makonde wakati televisheni ilikuwa hadithi ya wasafiri, hivyo inastahili jina hilo. Lakini bado najiuliza kwa nini wawili wasingeweza kulichangia.

Kilichoniliwaza ni kaulimbiu ya shirika: Ukweli na Uhakika. Hesabu mizani: u-kwe-li-na-u-ha-ki-ka. Ni nane kamili, kipande kizima cha shairi la mizani kumi na sita! "Kweli" ni la Kibantu, "hakika" limetoka kwa Waarabu, na kiambishi u- kimewafanya ndugu wa tumbo moja. Kanuni za arudhi ambazo herufi za kiooni hazizijui zimejificha kwenye kaulimbiu, pengine bila aliyeitunga kukusudia. Kiswahili kilichotolewa mlangoni kimeingilia dirishani.

Julai 2020, siku ya mazishi ya Mzee Mkapa huko Lupaso, nilikuwa nyumbani Newala. Bibi akamwambia mdogo wangu, "Mjukuu wangu, niwekee Taifa." Kijana akafungua redio. "Siyo hiyo, lile la kuonekana!" Kijana akahangaika na king'amuzi mpaka TBC1 ikatokea. Bibi akasogeza kigoda mbele, akawa anatafuta sura anazozijua katika ule umati wa Lupaso, na yale maandishi ya pembeni hakuyatupia jicho hata mara moja.