Fahamu: Kwa nini umri na jinsia vina uzito katika utafiti wa dawa za maumivu?

Kidonge kilekile kinaweza kumezwa na babu, mama na mtoto, lakini miili yao haikipokei sawasawa. Hata hivyo, kwa miaka mingi dawa zilipimwa zaidi kwa wanaume.

Wanawake waliachwaje?
Mwaka 1977, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilielekeza wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio. Mwongozo huo ulibadilishwa mwaka 1993. Maabara nazo zilipendelea panya dume.

Tofauti iko wapi?
Mwaka 2015, watafiti wa Kanada na Marekani, wakiwemo Robert Sorge na Jeffrey Mogil, walionyesha kuwa maumivu sugu ya panya dume hutegemea mikroglia, seli za kinga zilizomo kwenye uti wa mgongo. Kuzizuia kuliwatuliza madume, si majike. Kwa majike, kinachoshukiwa ni seli T, aina nyingine ya seli za kinga.

Na umri?
Miili ya baadhi ya watoto hugeuza kodeini, dawa ya maumivu, kuwa mofini haraka mno, hata wakashindwa kupumua. Mwaka 2017, FDA ilisema kodeini isitumiwe kabisa kwa walio chini ya miaka 12. Kwa wazee, figo huchuja polepole, na dawa kama ibuprofeni huongeza hatari ya figo kuumia na tumbo kuvuja damu. Lakini wazee wenye maradhi kadhaa mara nyingi huachwa nje ya majaribio.

Ufanye nini?
Mweleze mfamasia umri wa mgonjwa, ujauzito na dawa nyingine anazotumia.