Mbio fupi: Usigawe muda kwa mbili

Wasaka vipaji wa besiboli nchini Marekani huwapima wachezaji kwa mbio za yadi 60, yaani mita 55 hivi. Tuseme kijana amezimaliza kwa sekunde 7. Je, yadi 30, umbali wa kutoka kwa mpigaji hadi kituo cha kwanza, atazikimbia kwa sekunde 3.5? La, hasha.

Mwili hauanzi na kasi yake yote. Misuli ya mapaja na makalio hutumia nguvu nyingi kuusukuma uzito wako hadi mwendo ukolee. Usain Bolt alipoweka rekodi ya dunia mjini Berlin mwaka wa 2009, mita 20 za kwanza zilimchukua takriban sekunde 2.9, lakini kutoka mita 60 hadi 80 alitumia 1.61 pekee. Kijana wetu basi atatumia kama 3.9 katika nusu ya kwanza na 3.1 katika ya pili. Ukitaka kukadiria umbali mwingine, ongeza au upunguze kwa kasi hiyo ya mwisho, si kwa wastani.

Mchezoni muda huzidi, kwani sharti mtu apige mpira kwanza. Katika ligi kuu, 4.3 ni muda wa kawaida kwa anayepiga upande wa kulia.

Kocha asiyejua haya humdai mchezaji muda usiowezekana, naye hujikaza hadi msuli wa nyuma ya paja uchanike, jeraha la kawaida mno katika besiboli. Ukisikia maumivu ya ghafla hapo, simama papo hapo, wala usijinyooshe kwa nguvu.