Utando Kwenye Nyanya: Tazama Chini ya Jani Kabla ya Kununua Dawa

Kila kiangazi vikundi vyenye shamba la nyanya hutuletea lalamiko moja. Majani yamepauka na kuwa na vidoadoa, kisha utando umefunika vichwa vya mimea. Wanachama wanachanga, mmoja anatumwa kwa agroveti, anarudi na dawa ya viwavi. Baada ya wiki mbili shamba ni kama limepitiwa na moto, na pesa za kikundi zimekwisha.

Hebu tuanze na utando wenyewe, maana si kila utando ni wa adui. Mkiona utando mkubwa kati ya mmea na mmea, na majani ni mazima, huyo ni buibui wa kawaida. Mwacheni, yeye anawala wadudu. Majani yakiwa yamekunjwa na kushonwa kwa nyuzi, yafungueni: ndani mtakuta kiwavi na kinyesi chake. Lakini nyuzi laini sana zinazoanzia chini ya jani, zimejaa kitu kama vumbi, hizo ni za utitiri mwekundu, ambaye wakulima wengi humwita redi spaida.

Huyu si mdudu hasa. Ana miguu minane, ni jamaa ya kupe na ya utitiri wa kuku, na urefu wake ni kama nusu milimita tu. Yule anayesumbua nyanya zaidi asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Zimbabwe mwaka 1979 na Kenya mwaka 2001. Kukiwa na joto na ukavu, yai huwa utitiri mzima kwa muda wa wiki moja au mbili, ndiyo maana shamba huharibika ghafla.

Kumpima ni rahisi. Shika karatasi nyeupe chini ya jani, gonga jani mara kadhaa, kisha ngoja kidogo. Vumbi halitembei. Vidoa vikianza kutembea, pitisha kidole juu yake. Ukiona michirizi myekundu, ndiye.

Sasa, kwa nini dawa ya viwavi huongeza shida? Dawa nyingi za aina hiyo, hasa za jamii ya pairethroidi, huua wadudu marafiki wanaomla utitiri, na yeye mwenyewe anabaki. Kumbe mmemfanyia kazi yake!

Mkimgundua mapema, toeni majani yaliyoshikwa, yatieni ndani ya mfuko papo hapo, mkayachome mbali. Msiyaburute katikati ya mistari. Nyunyizeni maji kwa nguvu upande wa chini wa majani. Maji ya sabuni au mafuta ya mwarobaini husaidia pia, lakini jaribuni kwanza kwenye mimea michache, jioni jua likipungua, na mrudie baada ya siku tano hadi saba kwa sababu mayai hayafi kwa urahisi. Ng'oeni mnavu unaoota wenyewe kando ya shamba, maana utitiri huyu hujificha hapo. Yule anayefanya kazi kwenye sehemu iliyoshikwa aingie huko mwisho, asimbebe kwa nguo hadi kwenye mimea mizima.

Ikibidi kununua, mwambieni muuzaji waziwazi: "Tunataka dawa ya utitiri wa mimea, si ya viwavi." Salfa ni mojawapo, ila isinyunyizwe jua kali, itaunguza majani. Msirudie dawa ya aina moja kila mara, utitiri huizoea. Na ile dawa ya kupe ya ng'ombe, ambayo tumesikia wengine wakiitumia, haifai kabisa kwenye chakula cha watu, hata kama kupe na huyu ni jamaa moja.

Dawa yoyote ile, mmoja wenu asome karatasi ya chupa mbele ya wote: kipimo, na siku za kungoja kabla ya kuchuma. Siku hizo ziandikwe kwenye kitabu cha kikundi, ili anayepeleka nyanya sokoni azione.