Kitanda cha angani: je, mzee wako anakihitaji?

Kila familia ya ughaibuni ina kundi lake la WhatsApp, na kila kundi lina mjadala wake usiokwisha. Kwetu, kwa miezi miwili mizima, mjadala ulikuwa mmoja: Mama atakapotoka Tanga kuja kunitembelea hapa Houston, akae daraja gani la ndege?

Mama ana miaka 73. Presha anayo, lakini dawa anakunywa na ameshaizoea. Kinachomsumbua ni magoti. Na safari yenyewe si ya mchezo: basi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, saa sita hivi za ndege hadi Ghuba, kungoja hapo, kisha saa 16 bila kutua hadi Texas.

Tiketi ya daraja la kawaida, kwenda na kurudi, tuliipata kwa dola 1,400. Ya daraja la biashara ilikuwa dola 5,200. Tuko ndugu wanne. Dada yangu aliyeko Muscat alisema, "Mama si nguo, hawezi kukunjwa saa 16." Kaka mkubwa, ambaye ndiye anayeishi naye Tanga, akajibu, "Hela hizo zinaezeka nyumba ya huyo huyo Mama, na chenji inabaki. Masika yakija mvua inamkuta kitandani." Mdogo wetu wa Dar alinyamaza, maana alijua mchango wake utaombwa kwa vyovyote vile.

Wote walikuwa na hoja, na wote wanampenda Mama. Naandika haya kwa kuwa najua mjadala kama huu uko kwenye nyumba nyingi za wasomaji wetu, iwe mzee anakwenda London, Toronto au Minneapolis. Kabla ya kuchangishana, ni vizuri kujua fedha zile zinanunua nini na hazinunui nini.

Kinachonunuliwa

Mwajiri wangu amewahi kunisafirisha daraja la biashara mara nne, kwa hiyo ninalolieleza nimelilalia. Kitu kikubwa unachopata ni kitanda. Kiti kinajikunjua mpaka kinakuwa bapa kabisa, unanyoosha miguu, unajifunika shuka na kulala ubavu. Hilo halikuwapo tangu mwanzo. Daraja hili lilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa muda mrefu lilikuwa kiti kipana kinachoegemea nyuma tu. British Airways ndiyo iliyoleta kitanda bapa kwenye daraja la biashara mwaka 2000, na wengine wakafuata. Mwaka 2017 Qatar Airways ikaongeza kuta na mlango, kila abiria akawa na kijichumba chake.

Bei yake inatokana na nafasi. Mtu aliyelala anachukua sakafu ambayo wangekaa watu kadhaa. Ndege za Boeing 787 ambazo Kenya Airways hutumia kutoka Nairobi hadi New York, safari iliyoanza Oktoba 2018, zina viti 30 vya mbele na 204 vya nyuma. Ukiingia ndani utaona jinsi wale 30 walivyopewa sehemu kubwa ya ndege.

Vingine vinavyokuja na tiketi ni mzigo zaidi, mara nyingi mabegi mawili ya kilo 32 kila moja, foleni fupi, chakula kinacholetwa kwa sahani za kauri, na chumba cha kupumzikia uwanjani. Kwa mzee anayengoja ndege ya pili saa tano au sita, chumba hicho kina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Kuna kochi, choo kiko karibu, na chai haiishi.

Kisichonunuliwa

Hewa ya ndani ya ndege ni ile ile, mbele na nyuma. Ndege inapokuwa juu, hewa ya ndani inakuwa nyepesi kama vile uko mlimani. Katika ndege nyingi inaweza kufikia hali ya mtu aliyeko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Addis Ababa. Katika Boeing 787 na Airbus A350 inashikiliwa kwenye kiwango cha mita 1,800 hivi, ambacho ni kama cha Nairobi. Kwa hiyo mzee mwenye matatizo ya moyo au mapafu, hasa aliyezoea hewa ya pwani, amuone daktari kabla ya safari hata kama amekatiwa kiti cha mbele kabisa. Hewa hiyo ni kavu pia, na kiu ya aliyelala kitandani ni sawa na ya aliyekaa nyuma.

La pili ni damu kuganda miguuni. Wengi wanaamini ni ugonjwa wa viti vya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007: kukaa bila kusogea kwa saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo karibu mara mbili, iwe kwenye ndege, basi, treni au gari. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida hatari yenyewe ni ndogo, kiasi cha mtu 1 kati ya 6,000. Lakini umri mkubwa, unene, upasuaji wa karibuni au kuwahi kuganda damu huiongeza. Ubaya uko katika kutosogea. Abiria wa daraja la biashara asiyeinuka hajajikinga kwa kuwa amelipa zaidi. Kuchezesha vifundo vya miguu, kutembea kidogo kila baada ya muda na kunywa maji ni bure kwa wote. Soksi za kubana na dawa ni jambo la kumuuliza daktari.

La tatu ndilo linalowapotezea watu fedha nyingi: kiti cha magurudumu. Huduma hiyo haina uhusiano na daraja la tiketi. Marekani ina sheria ya mwaka 1986 inayokataza mashirika ya ndege kuwabagua abiria wenye ulemavu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006, ambayo Uingereza iliendelea nayo, inawapa wenye ulemavu na wenye shida ya kutembea msaada uwanjani bila malipo. Omba unapokata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya safari. Eleza waziwazi: je, mzee anaweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali, hawezi ngazi kabisa, au anahitaji kusaidiwa mpaka kwenye kiti chake? Kila jibu lina msaada wake. Kama sababu yenu pekee ya kutaka daraja la biashara ni urefu wa uwanja, basi mnalipia kitu ambacho ni haki yake tayari.

Tulivyoamua, na Mama alivyosema

Tulimuuliza mwenyewe. Akasema, "Nileteni mzima, hayo mengine mnajua nyie." Tukakata tiketi ya mseto: kuja daraja la biashara, kurudi daraja la kawaida. Ilikuwa dola 3,300. Tulichagua kitanda wakati wa kuja kwa sababu ndiyo safari ndefu. Kurudi mashariki upepo wa juu huisukuma ndege, na muda unapungua kwa zaidi ya saa moja.

Mama alifika Houston akitabasamu, magoti hayajavimba. "Nimelala, mwanangu. Nimelala kama niko kwangu." Nikaona hoja ya dada imeshinda. Lakini siku ya tatu, tukiwa tunachambua mchele, akaniambia mengine.

Kijichumba alichokaa kilikuwa na kuta. Hakumwona mtu. Kiingereza chake ni cha kusalimia, na katika wahudumu wa upande ule hakuna aliyejua Kiswahili. Kitabu cha chakula kilikuwa Kiingereza na Kiarabu, naye Kiarabu anakisoma msahafuni, si kwenye orodha ya vyakula. Aliletewa kitu asichokijua akakirudisha. Vitufe vya kiti hakuvielewa. Mhudumu alikilaza kiti mara moja, na alipotaka kukaa tena kitako aliona haya kuita, akakaa amelala mpaka kiuno kikauma. Saa sita za mwisho alikuwa macho, anahesabu tasbihi. "Ni kitanda kizuri," alisema, "lakini kimo kabatini."

Alirudi miezi mitatu baadaye, nyuma, kiti cha kando ya njia. Pembeni yake alikaa binti wa Kiganda anayesoma chuo hapa Texas, anayejua Kiswahili cha kutosha. Binti huyo alimsomea chakula, alimwonyesha mahali ndege ilipo kwenye skrini, na kila alipokwenda chooni alimwambia, "Bibi, twende tutembee." Mama alifika Dar akiwa amevimba miguu, na uvimbe ulichukua siku tatu kupungua. Ila hadithi za binti yule hazijaisha mpaka leo.

Nilipomuuliza angechagua safari ipi, hakusita. "Nipe kitanda kile, lakini yule binti awe karibu."

Hapo ndipo nilipoelewa biashara yenyewe ilivyo. Daraja hili linauza vitu viwili kwa pamoja: kulala na faragha. Mfanyabiashara anayekwenda mkutanoni anavitaka vyote viwili. Wazee wetu wengi wanahitaji cha kwanza. Cha pili, kwa mtu ambaye hajawahi kusafiri peke yake na hajui lugha ya humo ndani, ni upweke wa saa 16.

Kabla ya kulipa

Kwanza, pigeni hesabu ya mwenzi wa safari. Kwa bei zetu, tiketi moja ya biashara ilikaribia tiketi nne za kawaida. Kwa fedha hizo mzee anaweza kusindikizwa na mjukuu, na nyingine zikabaki. Mzee mwenye magoti mabovu lakini anayetembea anaweza kufaidika zaidi na mtu kuliko na kitanda. Mzee aliyefanyiwa upasuaji, au asiyeweza kabisa kukaa kitako muda mrefu, kitanda ni chake, na msibishane.

Pili, kama mmeamua kitanda, punguzeni upweke. Yako mashirika ambayo wahudumu wake wanazungumza Kiswahili, kama Kenya Airways na Air Tanzania, pale safari yao inapowafaa. Kama ni shirika jingine, andikeni karatasi yenye lugha mbili: nataka maji, nisaidie kulaza kiti, nisaidie kukiinua, nataka kwenda chooni, dawa zangu ziko mkoba huu. Mwonyesheni video ya kiti chenyewe kabla ya safari. Chakula agizeni mapema. Wakisafiri wawili, chagueni viti vya katikati vinavyopakana. Katika ndege nyingi kizuizi kilicho kati yao hushushwa.

Tatu, lipieni kipande kirefu tu. Mashirika mengi huruhusu kupandisha daraja kwa kipande kimoja cha safari, kwa fedha, kwa pointi, au kwa mnada ambapo unataja kiasi chako. Pointi zako unaweza kumkatia mzazi tiketi. Walioko Uingereza wakumbuke kodi ya abiria: kwa safari ndefu inayoanzia huko, abiria wa madaraja ya juu hutozwa zaidi ya mara mbili ya yule wa kawaida. Hiyo nayo ni sababu ya kuangalia tiketi ya mseto.

Nanyi wanafunzi, msidanganywe na picha za Instagram. Mgongo wa miaka 20 unavumilia. Ulizeni punguzo la wanafunzi, ambalo baadhi ya mashirika hulitoa pamoja na mzigo wa ziada. Na mkikaa karibu na mzee anayetazama vitufe asijue pa kubonyeza, msalimieni. Shikamoo moja yaweza kumfungulia njia ya kuomba msaada ambao angeona haya kuuomba.

Sisi tumeshapanga safari ijayo. Mama atakuja daraja la kawaida na binti wa kaka, ambaye amemaliza kidato cha sita. Atakaa kando ya njia, kiti cha magurudumu kimeombwa, na kama pointi zangu zitatosha tutampandisha kwenye kipande kile cha saa 16. Mwenyewe ameshasema atakubali kama mjukuu wake atapita kumwamsha. Nikampigia simu shirika la ndege kuuliza kama abiria wa nyuma ataruhusiwa kupita mbele. Wakasema hapana, lakini Mama anaweza kwenda nyuma kumtazama mjukuu wake. "Basi vizuri," akasema, "nitatembea."

Kaka naye ameshanunua mabati.