Tuba, besi au yufoniamu? Jina lisikuchanganye

Kijana wa Nkubu anayepuliza tuba kwenye bendi ya kanisa hana haja tena ya kupanda matatu hadi Nairobi kusaka nota za okestra. Simu na bando vinatosha. Shida huanza akizifungua: mbona tuba haimo?

Noma iko kwenye majina. Tuba yenyewe ni changa. Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz waliisajili Berlin mwaka wa 1835. Hector Berlioz wa Ufaransa alipotunga Symphonie fantastique mwaka wa 1830, aliandikia ofiklaidi, dude la shaba lenye vibonyezo kama vya saksafoni. Verdi wa Italia naye aliandikia chimbaso. Siku hizi sehemu hizo mara nyingi hupewa mpiga tuba. Ukiona majina hayo, usizime simu. Hiyo ni zamu yako.

Kinyume chake pia kipo. “Tenor Tuba” ya Gustav Holst katika The Planets kwa kawaida hupigwa kwa yufoniamu. Tuba ya Wagner nayo ni kazi ya wapiga honi.

Hata kwetu majina hubadilika. Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kenya mwaka wa 1921, linajulikana kwa bendi za mtindo wa Kiingereza. Katika mtindo huo tuba huitwa besi, ya Eb au ya Bb, na husomwa kwa ufunguo wa G. Mwenye besi ya Bb akisoma C, inayosikika ni Bb. Kwenye okestra, tuba husoma ufunguo wa F na nota husikika ilivyoandikwa. Ukichanganya hizo mbili, utapiga kivyako huku wenzako wakikukodolea macho.

Nota za bendi za shule za Marekani mara nyingi huandika “Baritone” zikimaanisha yufoniamu: T.C. ni ufunguo wa G, B.C. ni wa F. Lakini kwa Waingereza, baritoni ni ala nyingine, yenye bomba jembamba na sauti nyepesi. Kwa hivyo kabla kikundi chenu hakijachanga pesa za ala, ulizeni jina hilo ni la wapi.

Ukipata karatasi mpya, angalia kwanza ufunguo, kisha nota ya chini kabisa, halafu mtunzi ni wa nchi gani na aliandika mwaka gani. Jina la ala lisome mwisho.