Hofu ya Ghafla Ina Dawa

Mama mpendwa, huenda yamekupata, au umeyaona kwa jirani. Mtu yuko sokoni Tandika, au amesimama ndani ya daladala ya Mbagala iliyojaa, mara moyo unamwenda mbio, pumzi inambana, mikono inakufa ganzi na jasho linamtoka. Anaona kabisa kwamba anakufa. Baada ya dakika kumi hivi hali huanza kutulia. Akipimwa, malaria hakuna, damu inatosha na moyo ni mzima.

Hapo ndipo maneno huanza. Huyu atasema amerogwa, yule atasema ana pepo. Mwenyewe huacha biashara yake, na hata ibadani haendi kwa kuogopa kuanguka mbele za watu. Kumbe ni ugonjwa, na unatibika.

Nini hutokea mwilini?

Kwenye shina la ubongo pana sehemu ndogo yenye rangi ya samawati. Humo hutengenezwa noradrenalini, kemikali inayoamsha mwili wakati wa hatari, kama mlinzi apigavyo filimbi usiku. Kwa mgonjwa huyu ni kama filimbi inalia na mwizi hayupo. Yohimbini, dawa itokayo katika gome la mti wa Afrika Magharibi, huongeza noradrenalini. Wagonjwa wa hofu walipopewa katika majaribio, wengi walipatwa na hofu ileile. Hata hivyo noradrenalini haiko peke yake. Kemikali nyingine, serotonini, nayo inahusika.

Dawa zilizopo

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Donald Klein wa Marekani aliwapa wagonjwa wa hofu imipramini. Baada ya wiki chache ilionekana kwamba hawakimbilii tena kwa wauguzi wakilia kuwa wanakufa. Siku hizi madaktari wengi huanza na dawa za jamii ya fluoksetini, zinazopitia njia ya serotonini. Imipramini nayo ingali inasaidia.

Mambo ya kushika:

1. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Siku za kwanza wasiwasi unaweza hata kuzidi, ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo.

2. Imipramini hukausha kinywa, huleta choo kigumu na kizunguzungu unapoinuka. Fungia vidonge mbali na watoto. Vingi kwa pamoja huua.

3. Diazepamu hutuliza haraka, lakini mwili huizoea na kuidai. Usijinunulie dukani.

4. Ukipata nafuu usiache ghafla. Matibabu huendelea kwa miezi mingi, na dozi hupunguzwa polepole.

5. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie daktari mapema.

Pamoja na dawa, ushauri nasaha husaidia sana: mgonjwa hufundishwa kupumua polepole na kurudi kidogo kidogo mahali anapopaogopa.

Ukiwa Temeke, anzia zahanati iliyo karibu nawe. Ikibidi utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke au Muhimbili. Nawe jirani, mwombee, lakini usimwambie atupe vidonge ili kuonyesha imani. Msindikize kliniki, na umshikie mtoto wakati anamwona daktari.